Rusumo, Malaba au Tunduma: Kibali Kipi Kitarudisha Lori Lako na Mzigo?

Mtu mwenye lori moja au mawili akija kuniuliza habari za kuvuka mpaka, huanza na bei. Kibali cha Rwanda ni shilingi ngapi? Cha Zambia je? Mimi humrudishia swali: ukishashusha, utapakia nini, na kibali chako kinakuruhusu kukipakia wapi? Ada ya kibali utailipa na kuisahau. Lori linalorudi tupu kutoka Kigali hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 1,500, linakula mafuta, matairi na posho ya dereva bila kuingiza hata senti.

Nimeshughulika na makaratasi ya malori miaka kadhaa hapa Kurasini, na mengi niliyoyajua niliyajua kwa hasara. Nataka mwenye lori anayeanza asilipe ada ile ile niliyolipa mimi. Kwa hiyo naweka hapa mikataba mitatu inayogusa malori yetu, huu ubavuni mwa huu: wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), wa COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), na wa SADC (jumuiya ya maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika). Nitasema pia ningechagua upi na kwa nani.

Nani yuko na nani

Wengi hukwama hapa kabla hata ya kuwasha gari. Nchi zetu zimejiunga na jumuiya zilizosukana kama ukili wa mkeka, na lori linapita katikati ya misuko hiyo.

| Nchi | EAC | COMESA | SADC |
|---|---|---|---|
| Tanzania | Ndiyo | Hapana | Ndiyo |
| Kenya | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |
| Uganda, Rwanda, Burundi | Ndiyo | Ndiyo | Hapana |
| Kongo (DRC) | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Zambia, Malawi, Zimbabwe | Hapana | Ndiyo | Ndiyo |
| Msumbiji | Hapana | Hapana | Ndiyo |

Lisome jedwali kwa jicho la mwenye lori. Mtanzania ana mguu mmoja kaskazini kwa EAC na mwingine kusini kwa SADC, lakini hana COMESA, kwani nchi ilijitoa mwaka 2000. Mkenya ana EAC na COMESA, hana SADC. Kongo imekuwa kote kote tangu ilipoingia EAC mwaka 2022.

Sasa chukua safari moja: Mombasa hadi Lubumbashi kupitia Tanzania na Zambia. EAC haifiki, maana Zambia haimo. COMESA haifiki, maana Tanzania haimo. SADC haifiki, maana Kenya haimo. Hakuna jumuiya hata moja inayoifunika njia hiyo mwanzo hadi mwisho. Mwenye lori atakayeambiwa na wakala kwamba "leseni moja inatosha mpaka Kongo" amwombe wakala huyo amwonyeshe, nchi kwa nchi, ni mkataba upi unaolilinda lori lake.

Njia ya EAC: leseni ya nyumbani inayotambuliwa kwa jirani

Mkataba wa usafiri wa barabara wa Afrika Mashariki ulisainiwa mwaka 2001 na Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi ziliingia kwenye jumuiya mwaka 2007. Wazo lake ni rahisi: mamlaka ya kwenu ndiyo inayokukagua na kukupa leseni, na nchi jirani inaikubali leseni hiyo bila kukuanzisha upya. Tanzania ni LATRA, Kenya ni NTSA, Rwanda ni RURA. Leseni ya dereva nayo inatambuliwa.

Unachokatazwa ni kubeba mzigo wa ndani katika nchi ya mwenzako. Umeshusha Kampala, huruhusiwi kupakia saruji Tororo ukaishushe Mbarara, hata kama mwenye saruji anakuita kwa simu na pesa iko mkononi. Unaruhusiwa kupakia Uganda na kurudi nyumbani Tanzania. Dereva mgeni anaweza asielewe tofauti hiyo, kwa hiyo mweleze kwa mfano, si kwa kumsomea sheria. Lori likikamatwa kwa kosa hili, unayetafutwa ni wewe mwenye mali.

Faida kubwa ya njia hii siku hizi iko mpakani penyewe. Vituo vya huduma kwa pamoja vimepunguza mizunguko: Rusumo, mpakani na Rwanda, kilizinduliwa Aprili 2016 pamoja na daraja jipya, Busia Februari 2018, Namanga Desemba mwaka huo huo. Unasimama mara moja, upande unaoingia, na maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja. Tangu 2014 upo pia utaratibu wa himaya moja ya forodha, ambapo kwa bidhaa nyingi kodi ya Uganda au Rwanda inalipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Mzigo uliolipiwa hivyo hausubiri tathmini mpakani. Kabla hujakubali kazi, muulize mwenye mzigo kama ni wa himaya moja au ni wa transiti (unaopita tu kwenda nchi nyingine) wenye dhamana ya kodi, kwa sababu siku zako za safari zinategemea jibu hilo.

Njia ya COMESA: leseni moja, nchi nyingi

Leseni ya msafirishaji ya COMESA imekuwepo tangu 1991. Inatolewa na mamlaka ya nchi yako, na kwa leseni hiyo hiyo lori linaingia nchi wanachama wanaoitekeleza na kupakia mzigo wa kurudi huko. Kwa Mkenya au Mganda anayetazama Zambia na Malawi, hii ni mali. Kwa Mtanzania haipo, basi asipoteze muda nayo.

Kuna kitu kimoja cha COMESA ambacho Mtanzania anacho bila kuwa mwanachama: Kadi ya Njano ya bima. Mpango huu ulianza kazi mwaka 1987, na Tanzania ilibaki ndani yake hata baada ya kutoka COMESA. Unaikata kwa kampuni ya bima ya nyumbani, na inakukinga kwa madhara utakayomsababishia mtu mwingine katika nchi zilizoandikwa kwenye kadi. Bila hiyo utanunua bima mpya kila mpaka, kwa haraka, kwa bei ya aliyekukuta na shida.

Angalia mambo mawili kwenye kadi yenyewe. La kwanza ni orodha ya nchi: ile ambayo haimo safarini mwako hukatwa kwa mstari, na kama aliyekuandikia amekata Zambia kwa bahati mbaya, utalijua hilo Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, na si ofisini kwake. La pili ni kwamba kadi hii haina uhusiano na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho ni cha rangi ya njano na watu wa barabarani wanakiita kwa jina lile lile. Dereva akikuambia "kadi ya njano ninayo", muulize ni ipi. Nimeona mtu akifika mpakani na ya afya akaiacha ya bima kwenye droo nyumbani.

Njia ya SADC: nchi mbili mbili

Itifaki ya SADC ya uchukuzi ilisainiwa mwaka 1996. Hiyo haikutoa leseni moja ya kanda. Iliziachia nchi zikubaliane mbili mbili, kisha zifungue soko kwa hatua. Matokeo yake ndiyo tunayoishi nayo: Mtanzania anayekwenda Lubumbashi anapita kwenye mahusiano mawili tofauti, ya Tanzania na Zambia, halafu ya Kongo.

Kibali cha namna hii huwa kimebanwa zaidi kuliko leseni ya EAC. Kinataja gari, kinataja nchi, kinataja muda, na mara nyingi kinataka uwe unatoka au unarudi kwenu. Kupakia Zambia na kushusha Zimbabwe kwa lori la Tanzania ni mzigo wa nchi ya tatu, na unahitaji ruhusa yake. Huko chini zaidi sheria hiyo ni ya zamani: makubaliano ya 1990 kati ya Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Namibia na Swaziland ya wakati huo yalijengwa juu ya vibali vya nchi mbili mbili. Ukitaka kufika Johannesburg, mamlaka ya kushughulika nayo upande wao ni C-BRTA, na hiyo ni safari ya mtu mwenye mtaji wa kusubiri.

COMESA, EAC na SADC kwa pamoja zimeandaa mkataba mmoja wa kuziba mapengo haya, chini ya mpango wao wa uchukuzi ulioanza mwaka 2017. Msingi wake ni kupima ubora wa msafirishaji, gari na dereva badala ya kuhesabu vibali. Ninautakia heri kwa moyo wote, lakini leo pakia lori lako kwa karatasi zinazokubalika leo.

Tozo ya barabara

Hapa tofauti inaonekana kwa namba. Kiwango cha COMESA kwa lori la mizigo lenye ekseli zaidi ya tatu ni dola 10 kwa kila kilomita 100. Lenye ekseli tatu au pungufu ni dola 6. Tanzania kwa miaka mingi iliyatoza malori makubwa ya nje dola 16 kwa kilomita hizo hizo. Toka Dar hadi Tunduma, tuchukue kilomita 900: dola 144 dhidi ya 90, kwenda peke yake. Mzambia mwenye malori matano anayefanya safari mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, alikuwa akilipa dola 1,080 zaidi kila mwezi. Ndiyo maana malalamiko hayakwisha.

Na tozo hujibiwa kwa tozo. Septemba 2013 Rwanda ilipandisha ada kwa malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi 500, kwa hoja kwamba malori yake yanalipa 500 upande wetu. Waliokuwa njiani siku hizo walifika Rusumo na fedha ya safari ya jana. Baadaye pande zote mbili zilikaa na kurudi kwenye 152. Kwa hiyo uliza kiwango cha wiki unayosafiri, kwa mtu aliyevuka wiki hiyo, na mpe dereva akiba ya dola nje ya bajeti.

Uzito sitaukawiza. Kikomo cha EAC ni tani 56 kwa gari zima, kwa sheria ya mwaka 2013, na cha SADC ni hicho hicho. Ila usiangalie tani 56 peke yake, maana kila ekseli ina kikomo chake, na mzigo uliopangwa vibaya unaweza kukukamatisha kwenye mizani ya Vigwaza, Mariakani au Mpemba hata kama jumla iko sawa.

Karatasi iliyolaza lori langu siku nne

Simu iliingia saa tano usiku. "Bosi, wanasema tela halimo."

Nilidhani ameniambia tela limeibwa. Kumbe kibali kilikuwa na namba ya kichwa tu. Tela tulilobadilisha siku mbili kabla ya safari, kwa sababu la kwanza lilipasuka springi, lilikuwa na namba yake, kadi yake na bima yake, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa kwenye kibali. Ofisa wa mpaka ule, ambao sitautaja, hakutaka rushwa wala maneno. Alisema tu kwamba gari linaloonekana kwenye karatasi si gari lililo mbele yake, na alikuwa sahihi. Siku nne za foleni, maegesho, chakula cha dereva na utingo, na mwenye mzigo akinipigia kila asubuhi.

Tangu siku hiyo bahasha ya kaki ya kila lori langu ina ukurasa wa kwanza ulioandikwa kwa mkono: namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya chesisi ya vyote viwili. Dereva anausoma kwa sauti, utingo anazunguka gari akiangalia vibao. Inachukua dakika tano. Halafu wanalinganisha na kibali, Kadi ya Njano, T1 (hati ya forodha ya mzigo wa transiti) na dhamana, karatasi moja moja. Mikataba yote mitatu inafanana hapa: leseni ya EAC, ya COMESA au kibali cha Zambia, vyote vinatambua gari kwa namba.

Mzigo wa kurudi ndio unaoamua

Sasa turudi kwenye swali langu la mwanzo.

Kusini kuna shaba. Malori yanayopanda na mafuta, mashine, kemikali za migodini na bidhaa za dukani yanaweza kushuka na shaba ya Kongo na Zambia kuja bandarini Dar. Kwa sababu hiyo Tunduma, pamoja na kibali chake kilichobanwa na foleni za Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, bado ndiyo njia inayolipa pande zote mbili. Safari ni ndefu, fedha inakaa nje muda mrefu, lakini lori halirudi na upepo.

Ila mzigo wa kurudi nao una sheria ya nchi unayopita. Mwaka 2017 mamia ya malori yaliyobeba magogo ya mukula kutoka Kongo yalizuiwa Zambia, na mengi yalikuwa ya Watanzania. Wenye malori wale hawakukata mti wowote. Vibali vyao vya usafiri vingeweza kuwa safi kabisa na bado wakakwama, kwa sababu kibali cha barabara kinaruhusu gari, hakisafishi mzigo. Jambo hilo lilifika hadi kwa marais, na wakati huo wote madereva walikuwa wakilala chini ya matela yao. Mtu akikupa magogo, madini yasiyo na cheti au chochote chenye marufuku katika nchi mojawapo ya njiani, kataa, hata kama unarudi tupu.

Rusumo na Kabanga, kuelekea Rwanda na Burundi, mambo ni kinyume. Kwenda ni kwepesi, leseni inatambulika, mpaka unakwenda haraka, lugha si tatizo. Kurudi ni kahawa, chai na madini kidogo, vinavyogombaniwa na malori mengi. Panga bei ya kwenda kana kwamba utarudi tupu. Ukipata mzigo, hiyo ni faida.

Malaba na Busia ni za Mkenya na Mganda zaidi. Mzigo wa kupanda ni mwingi mno, kutoka Mombasa hadi Kampala ni chini ya kilomita 1,200, na ufuatiliaji wa mizigo kwa mtambo wa kielektroniki kati ya Kenya, Uganda na Rwanda umeondoa misafara ya kusindikizwa. Udhaifu wake ni kwamba njia ni moja na kila mtu yuko juu yake. Mwaka 2020, vipimo vya korona vilipoanza, foleni ya Malaba ilikwenda makumi ya kilomita, na lori likiwa pale halina pa kugeukia.

Mabasi na magari ya watalii nayapita haraka, maana vibali vyake ni ulimwengu mwingine: vinakwenda kwa njia maalumu na kwa kulipana wema. Mwenye gari la watalii akumbuke Desemba 2014, Kenya ilipoyazuia magari ya Tanzania kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kushika makubaliano ya utalii ya mwaka 1985 kati ya nchi hizo mbili. Karatasi ya miaka karibu 30 ilitolewa kabatini na ikafanya kazi.

Basi uchague ipi?

Mtanzania mwenye lori moja, fedha ya safari moja na dereva ambaye hajawahi kuvuka: anza na Rusumo. Faida ni ndogo, lakini kosa la karatasi linarekebishika kwa simu, kwa Kiswahili, ndani ya siku mbili tatu. Fanya safari tatu nne mpaka bahasha ya kaki iwe desturi ya dereva.

Mtanzania mwenye malori matatu au zaidi na akiba ya kukaa siku 30 bila malipo: Tunduma. Usiondoke bila kuwa na mzigo wa kurudi ulioandikwa, si wa ahadi ya mdomo, na hakikisha kibali cha Zambia na nyaraka za Kongo vina muda unaozidi siku unazotarajia. Lori lililokwama Kasumbalesa na kibali cha Zambia kikaisha muda limekwama mara mbili.

Mkenya mwenye malori mapya: baki Malaba mpaka mkopo wa gari uishe, halafu chukua leseni ya COMESA na utazame Zambia. Ukipita Tanzania, pita kwa EAC, na ile ya COMESA itakusubiri Nakonde.

Na anayetaka Mombasa hadi Lubumbashi kwa lori moja, nimekwisha kuonyesha kwamba hakuna mkataba mmoja unaomfikisha. Ningempa ushauri tofauti: ashushe Dar mzigo wake wa kutoka Mombasa, atafute Mtanzania mwenye kibali cha kusini, na wagawane njia. Tumewahi kufanya hivyo na rafiki mmoja wa Changamwe. Lori lake liligeuka na mzigo wa kurudi Mombasa siku ile ile, langu likaendelea hadi Kolwezi, na hakuna aliyelala mpakani kwa sababu ya karatasi.